Noah mbili, mlima mmoja: uchambuzi wa gari lililodaiwa kukosa nguvu

Mwenye gari ni mama mfanyabiashara wa upande wa Kilimanjaro. Ana duka kijijini, na Toyota Noah yake, gari la abiria, ndiyo inayolilisha duka hilo. Asubuhi inateremka na abiria pamoja na mikungu ya ndizi ya sokoni. Jioni inapanda na abiria haohao, safari hii kukiwa na saruji, unga, sukari na kreti za soda. Njia ni lami karibu yote. Kinachobaki ni kipande cha udongo mwekundu kisichofika kilomita 2, na katikati ya kipande hicho kuna mlima mmoja mkali ambao madereva wa huko wanauogopa kuanzia Machi mpaka Mei. Mvua ikinyesha mchana, jioni unateleza vibaya.

Kwa muda mrefu alikuwa na Noah ya zamani, ile yenye pua fupi ambayo fundi wa spea anaiita SR40. Akaiuza na kununua iliyoifuata, AZR60 ya 2003. Kiangazi chote alilifurahia. Gari lilikuwa kimya, chumba kikubwa, abiria wakilisifia. Masika yalipoingia likaanza kugoma kwenye mlima ule. Dereva ni kijana yuleyule aliyeendesha la zamani, na simu aliyompigia bosi wake ilikuwa fupi: "Mama, gari hili halina nguvu. Lile letu hapa lilikuwa linapita."

Fundi wa kwanza akabadilisha plagi. Wa pili akamwaga oili ya giaboksi, akaweka mpya. Wa tatu alikuwa ameshataja bei ya giaboksi ya mtumba kutoka Dar es Salaam, na mama alishaanza kutafuta hizo fedha. Hapo ndipo nilipoombwa nikalitazame.

Nakieleza kisa hiki kirefu kwa sababu kinajirudia kila masika, na kinaniuma. Watu wanaofungua giaboksi nzima, au kuuza kwa hasara gari lisilo na ubaya wowote, ni wengi mno. Chanzo ni kwamba walibadilisha gari bila kuambiwa kuwa magurudumu yanayofanya kazi yamehama kutoka nyuma kwenda mbele.

Jina moja, magari mawili

Toyota ilitoa TownAce Noah na LiteAce Noah mwaka 1996. Ndani yake injini haiko mbele kama pua inavyomdanganya mtu. Iko chini ya viti vya mbele, ndiyo maana fundi anainua kiti ili aione, na ndiyo maana dereva wa SR40 anajua joto la chini ya makalio siku ya jua kali. Kutoka kwenye giaboksi propela, yaani mhimili mrefu unaozunguka, inapita chini ya sakafu mpaka kwenye difu ya nyuma, sanduku la gia linaloyagawia nguvu magurudumu mawili, na magurudumu ya nyuma ndiyo yanayosukuma gari. Ya mbele kazi yake ni kukata kona na kubeba sehemu yao ya uzito.

Mwaka 2001 ikaja Noah nyingine kabisa. Jina lilibaki, gari likabadilika. Injini imelazwa kwa upana chini ya boneti, giaboksi na difu zimeshikana nayo ubavuni, na shafti mbili fupi zenye sivijointi, viungo vinavyokunja tairi likikata kona, zinatoka moja kwa moja kwenda kwenye magurudumu ya mbele. Ukiingia chini ya AZR60 ya kawaida huoni propela. Unaona eksoza, bomba za breki, bomba za mafuta, basi. Ndiyo sababu sakafu yake iko chini na bibi mwenye umri anapanda bila kushikwa mkono, na chumba ni kikubwa bila gari kurefuka sana.

Sasa tuje kwenye hiyo nguvu inayodaiwa kukosekana. Injini ya petroli ya SR40, 3S-FE ya lita 2, inatoa takribani nguvu farasi 130. Ile ya AZR60, 1AZ-FSE, nayo ya lita 2, inapita 150. Gari jipya lina nguvu zaidi ya la zamani. Kama tatizo lingekuwa nguvu, la zamani ndilo lingegoma kwanza.

Tulichokiona mlimani

Tulianza na lami. Kwenye mwinuko mkavu, gari likiwa na mzigo, lilivuta vizuri na giaboksi ikabadilisha gia bila kushtuka. Fundi anayetaka kufungua giaboksi angeanzia hapa, kwa sababu giaboksi iliyokufa inakufa hata kwenye lami.

Kisha tukaenda kwenye mlima wenyewe, jioni, baada ya mvua, na mzigo wa siku ile bila kupunguza kitu. Nilimwomba kijana aendeshe kama anavyoendesha siku zote, mimi nikasimama pembeni ya njia. Gari lilipanda theluthi ya mlima, likapunguza mwendo, likasimama. Injini ikaendelea kunguruma. Tairi la mbele kushoto lilikuwa linazunguka mbio na kurusha tope mpaka kwenye kioo cha mlango. La mbele kulia limetulia kabisa, halizunguki. Ndani, sindano ya spidi ilikuwa imepanda, na gari liko palepale. Sindano hiyo peke yake ilitosha kuitetea giaboksi. Nguvu ilikuwa inafika kwenye tairi. Tairi ndilo lililokosa pa kushika.

Nikaenda nyuma. Springi zimelala, bampa la nyuma limeshuka, pua imenyanyuka. Mlango wa nyuma ulipofunguliwa kulikuwa na mifuko minne ya saruji, kilo 50 kila mmoja, imesukumwa hadi mwisho, nyuma ya siti ya tatu. Mahali hapo ni nyuma ya ekseli ya nyuma, yaani mstari wa magurudumu ya nyuma. Kijana alipakia hivyo kwa sababu ndivyo alivyokuwa akipakia kwenye Noah ya zamani, na kule alikuwa na haki kabisa.

Abiria wakashuka. Tuliliteremsha gari taratibu hadi chini kwenye tambarare, tukaligeuza, na kijana akaweka rivasi. Mtu mmoja alisimama juu kumwongoza, njia ikiwa tupu. Saruji ilibaki palepale ilipokuwa. Gari likapanda kinyumenyume mpaka juu, polepole, tairi zikiteleza kidogo na kushika tena.

Dereva alishuka akalizunguka gari. "Sasa mbona limepita?" Injini ileile, giaboksi ileile iliyokuwa inasubiri kubadilishwa, tairi zilezile, saruji ileile, tope lilelile. Ukiacha abiria walioshuka, kilichobadilika ni kimoja. Gari likipanda kinyumenyume, magurudumu yanayovuta yanakuwa upande wa chini wa mlima, na mlima unayakandamiza badala ya kuyapunguzia uzito. Sipendekezi mtu apande hivi kila siku, hasa akiwa na abiria. Lakini kama kipimo cha kutenganisha ugonjwa wa gari na ugonjwa wa uzito, sijui kingine kinachoonyesha wazi kiasi hiki bila kufungua hata nati moja.

Hesabu ya uzito

Tairi linashika kwa kadiri linavyokandamizwa. Hilo ndilo jambo zima. Ili nionyeshe linavyofanya kazi, natumia namba za mfano zinazokaribia gari la aina hii, na mtu yeyote anaweza kuzipiga kwa kalamu.

Tuseme mlima unapanda mita 15 kwa kila mita 100. Kuupanda tu kunahitaji mvuto wa karibu asilimia 15 ya uzito wa gari. Tope nalo linakaba tairi. Weka asilimia 3. Jumla unahitaji 18. Na tuseme tope hilo, kwa kila kilo 100 zinazolikandamiza, linakubali kuvutwa kwa kilo 35 kabla tairi halijateleza.

Noah ya kuvuta mbele ikiwa tupu ina karibu asilimia 60 ya uzito wake mbele, kwa kuwa injini na giaboksi vyote viko huko. Mlimani uzito unaegemea nyuma. Kwa gari lenye urefu wa mita 2.8 kati ya ekseli na kitovu cha uzito kilichoko sentimita 70 juu ya ardhi, mwinuko huu unahamisha karibu asilimia 4. Mbele zinabaki 56. Zidisha kwa 35 kwa 100, unapata 19.6. Unahitaji 18. Gari linapita.

Lijaze sasa. Abiria wako katikati na nyuma, saruji iko mwisho kabisa. Mbele zinabaki tuseme 48, na mlima unaondoa 4, ziwe 44. Mvuto unaopatikana ni 15.4. Unahitaji 18. Gari linasimama, na hata ukiliwekea injini ya lori litasimama palepale. Rudi sasa kwenye rivasi: zile 4 zilizokuwa zinatolewa mbele zinaongezwa, 48 inakuwa 52, na mvuto unakuwa 18.2. Linapita kwa kubahatisha. Ndivyo tulivyoliona likipita, tena abiria walikuwa chini.

Chukua Noah ya zamani kwenye mlima huohuo. Ikijaa, ekseli ya nyuma inabeba tuseme asilimia 56, mlima unaongeza 4, zinakuwa 60. Mvuto 21. Inapita bila shida na kijana ana haki ya kuisifia. Lakini ikiwa tupu, nyuma ina kama 44, na ukiongeza 4 za mlima ni 48. Mvuto 16.8. Haipiti.

Nilipofika hapo nilimuuliza kijana kama lile la zamani halikuwahi kumsumbua. Akafikiri, akakumbuka. Siku alizopanda mtupu baada ya mvua lilikuwa likichezesha mkia, mpaka akawaomba vijana wa barabarani waingie wakae siti ya nyuma. Wenye pikapu wanaujua mchezo huo. Ndiyo maana wengine hawatoi mifuko ya mchanga nyuma masika yote. Kwa hiyo kila moja ya Noah hizi ina siku yake ya kugoma kwenye mlima uleule. La kuvuta mbele linagoma likijaa, la kusukuma nyuma linagoma likiwa tupu. Biashara ya mama huyu inapanda ikiwa imejaa.

Kuhusu lami: lami kavu inashika zaidi ya mara mbili ya tope hilo. Hata zile asilimia 44 zinabaki na akiba kubwa. Ndiyo maana kiangazi chote hakuna aliyelalamika, na ndiyo maana majaribio ya gari yanayofanywa kwenye yadi ya muuzaji hayamwambii mnunuzi wa kijijini lolote kuhusu jambo hili.

Mifuko minne ya saruji

Hapa ndipo kwenye faida ya haraka, na ndipo watu wanapopapita. Mzigo uliowekwa nyuma ya ekseli ya nyuma hauongezi tu uzito nyuma, unatoa uzito mbele. Ni kama mtu aliyekaa kwenye ncha ya benchi iliyopita mguu wake: ncha ya pili inanyanyuka. Mifuko ile ilikuwa na kilo 200 na ilikaa kama sentimita 60 nyuma ya ekseli. Kwa urefu wa mita 2.8 kati ya ekseli, inaondoa karibu kilo 43 kwenye magurudumu ya mbele. Ihamishie mifuko hiyohiyo sakafuni katikati ya gari, nusu ya njia kati ya ekseli mbili, na itaongeza kilo 100 mbele. Tofauti kati ya kupakia vibaya na kupakia vizuri, kwa mzigo uleule, ni kilo 143 juu ya tairi zinazovuta. Hakuna fundi atakayekuuzia spea yenye faida hiyo.

Kwenye Noah ya zamani hesabu inageuka. Saruji ikikaa mwisho inaongeza kilo 243 kwenye ekseli ya nyuma, zake 200 pamoja na 43 zilizotolewa mbele, na ekseli hiyo ndiyo inayosukuma. Kijana alikuwa amejifunza kwa vitendo jambo la kweli. Gari ndilo lililobadilika chini yake, na hakuna aliyemwambia.

Mazoea mengine mawili yalimfuata kutoka kwenye gari la zamani. Tairi la nyuma likizunguka bure kwenye tope, madereva wengi huvuta handbreki kidogo huku wakikanyaga mafuta. Inasaidia kweli. Difu ya kawaida inayapa magurudumu mawili mvuto ulio sawa, kwa hiyo likikosa kazi moja, jingine nalo halipati kitu. Breki ikilikaba lile linalozunguka bure, la pili linaamka. Lakini handbreki inakaba magurudumu ya nyuma. Kwenye gari la kuvuta mbele unakuwa unalifunga gari lisiende huku tairi la mbele linaendelea kuchimba shimo. Nilimwona akifanya hivyo palepale mlimani, kwa mkono uliozoea, bila hata kuwaza.

Zoea la pili ni kukanyaga mafuta zaidi gari linapopunguza mwendo. Tairi likishaanza kuteleza, tope linalishika kidogo kuliko lilivyokuwa linalishika kabla. Ukiongeza mafuta unapunguza mvuto. Anayeendesha gari la kuvuta mbele kwenye utelezi aingie mlimani na mwendo wake wa wastani, mguu utulie, usukani uwe umenyooka kadiri inavyowezekana. Kila unapokata usukani unaiomba tairi ileile inayovuta ifanye pia kazi ya kukata kona, na ushikaji wake ni ule mmoja inaougawa.

Kushuka ni habari nyingine

Mama alikuwa amebaki na picha ya kwamba amenunua gari baya. Ilinibidi nimwonyeshe asubuhi, wakati gari linateremka na ndizi kwenye tope lilelile. Hapa Noah mpya inaishinda ya zamani waziwazi.

Gari likishuka, uzito unaegemea mbele. Dereva akiweka gia ndogo ili injini ishikilie mwendo, ushikiliaji huo unapita kwenye magurudumu yanayoendeshwa. Kwenye SR40 ni ya nyuma, ambayo wakati huo yamepunguziwa uzito. Kwenye utelezi yanaweza kuanza kuburuzika na mkia ukatoka. Mkia ukishatoka kwenye mteremko wenye bonde upande mmoja, dereva ana muda mdogo sana. Kwenye AZR60 kazi hiyo inafanywa na magurudumu ya mbele, yenye uzito juu yake, na gari linabaki limenyooka.

Kwenye kona yenye utelezi pia yanatofautiana. La kuvuta mbele likizidiwa, pua inagoma kukata kona na gari linataka kwenda moja kwa moja; dereva akiachia mafuta polepole, mara nyingi linarudi kwenye njia yake. La kusukuma nyuma likipewa mafuta mengi kwenye kona, mkia ndio unaotoka, na kuurudisha kunahitaji kugeuza usukani kuelekea upande uleule mkia unakokwenda, haraka na kwa kipimo. Dereva mzoefu anaiweza. Mimi, nikimfikiria kijana wa miaka 20 na kitu akiwa na abiria saba nyuma, nachagua pua inayogoma kuliko mkia unaotoka. Hilo ni chaguo langu na sioni haya kulisema, ingawa najua madereva wa Mark II na Crown, magari ya kusukuma nyuma, watabisha mpaka kesho.

Ubishi huu ni wa siku nyingi huku kwetu. Mwaka 1964, kwenye mashindano ya East African Safari, mshindi alikuwa Peter Hughes na Ford Cortina GT, gari la kusukuma nyuma. Wa pili alikuwa Erik Carlsson wa Sweden na Saab 96, gari dogo la kuvuta mbele lenye injini isiyofika hata lita moja. Barabara nyingi za Afrika Mashariki za miaka ile, mvua ikinyesha, zilikuwa tope tupu. Saab ile ilifikaje nafasi ya pili? Injini yake ilikaa mbele kabisa, watu wawili viti vya mbele, nyuma hakuna mzigo wa maana. Ni ile hesabu ya Noah tupu. Iweke mifuko minne ya saruji nyuma kisha uone.

Watengenezaji nao wanaijua hesabu hii. Toyota iliipeleka Corolla ya kawaida kwenye kuvuta mbele mwaka 1983, kwa sababu gari la familia linahitaji chumba, uzito mdogo na mafuta kidogo, na mara nyingi linatembea na watu wawili watatu. Hiace, ambayo kazi yake ni kujaa, ilipobadilishwa umbo mwaka 2004 waliiacha na propela yake na difu yake nyuma. Probox, iliyotoka mwaka 2002, inavuta mbele, na Wakenya wanaibebesha miraa kutoka Meru mpaka watu wanashangaa. Lakini inakimbia juu ya lami. Ipeleke na mzigo huohuo kwenye mlima wa udongo mvua ikinyesha, habari itakuwa nyingine.

Matunzo

Sitakaa sana hapa. La kuvuta mbele linamaliza tairi za mbele mapema, kwa kuwa zinavuta, zinakata kona na zinafanya sehemu kubwa ya kazi ya breki. Kitu cha kuangalia zaidi ni buti za raba zinazofunika sivijointi. Zikichanwa na jiwe, grisi inatoka na tope linaingia, na baada ya muda unasikia mlio wa ka-ka-ka ukikata kona. La kusukuma nyuma lina propela yenye krosi zake, yaani viungo vyake, na difu inayotaka oili yake, na difu ikianza kulia hakuna asiyesikia. Kwa gharama, siwezi kusema moja ni nafuu kuliko jingine kwa mtu anayekagua gari lake. Kwa asiyekagua, yote mawili ni ghali.

Uamuzi

Swali la mama lilikuwa moja: aliuze?

Tuliziweka njia mbele yake. Kurudi kwenye SR40 kungemaliza shida ya kupanda akiwa amejaa, lakini anayoipata sokoni leo ni gari lililokwisha kuzeeka zaidi ya miaka 20, na angerudisha ule mkia unaocheza asubuhi akishuka. Kuna Noah ya toleo lilelile lake inayoendesha magurudumu yote manne, AZR65, ambayo kwa njia yake ndiyo ingefaa kuliko zote. Ila inakula mafuta zaidi, ina propela na difu ya nyuma za kutunza, na angeongeza fedha nyingi kwa ajili ya kipande kisichofika kilomita 2 na miezi mitatu ya mwaka. Angekuwa anapeleka saruji kila siku, kazi ya duka ikiwa ni vifaa vya ujenzi tupu, ningemwambia bila kusita auze na anunue gari la kusukuma nyuma la mizigo. Abiria ndio wanaomlipa, na abiria wanaipenda hii.

Akalibakiza. Tairi za mbele zilikuwa zimebaki na kashata, yaani meno ya tairi, kidogo sana. Fundi mmoja alikuwa amezihamishia mbele kwa kuwa zile nzima "zinatakiwa nyuma". Ushauri wa kuweka tairi nzima nyuma una maana yake, unazuia mkia kutoka kwenye mvua. Lakini kwa gari hili na mlima huu, tairi za mbele zikiwa kipara huna mvuto, na za nyuma zikiwa kipara huna usalama wa kushuka. Zilinunuliwa nne, aina moja, zenye kashata za kina kwa ajili ya udongo.

Mzigo mzito sasa unakaa sakafuni, nyuma tu ya viti vya mbele, umefungwa kamba kwenye miguu ya viti usije ukasogea breki ikishikwa. Nyuma ya siti ya tatu vinakaa vitu vyepesi: sabuni, biskuti, mikate. Ikibidi abiria wapungue ili saruji ipate nafasi katikati, wanapungua. Kijana alilalamika kwamba hesabu ya siku itashuka. Mama akamuuliza fedha za plagi, oili na zile za giaboksi zilizokuwa zinaelekea kutoka zingelipa hesabu ya wiki ngapi, na mjadala ukaishia hapo. Minyororo ya kufunga kwenye tairi wanayo garini, na wamekubaliana inafungwa mbele, siyo nyuma kama walivyozoea. Na siku ambayo mvua imepita kiasi, saruji inalala kwa jamaa mwenye stoo mwisho wa lami, inapanda kesho yake njia ikikauka. Abiria wanapanda jioni ileile.

Kabla sijaondoka nilipitisha mkono kwenye buti za sivijointi. Ya kulia ni nzima. Ya kushoto, upande wa tairi lililokuwa linachimba, ina ufa kwenye mkunjo wa pili na grisi imeanza kutoka. Nimewaandikia ibadilishwe kabla ya mvua za vuli.